Gari la Chama na Kidhibiti Presha ya Petroli: Je, Kitiwe Bolti ya Kurekebishia?

Madhumuni ya somo

Madhumuni ya somo hili ni kuwaeleza Makatibu, wajumbe wa Bodi na wanachama jambo moja la ufundi ambalo laweza kuletwa mbele ya chama chochote chenye gari la petroli. Fundi au dereva hupendekeza kwamba kidhibiti presha ya petroli, ambacho kiwanda kimekifunga bila skrubu ya kurekebishia, kitobolewe na kutiwa bolti, ili presha iongezwe au ipunguzwe hapa hapa nyumbani. Kazi hiyo huonekana ndogo, na gharama yake huwa ndogo pia, kwa hiyo aghalabu hupita bila kujadiliwa. Lakini matokeo yake yaweza kuonekana kwa miezi mingi katika hesabu za mafuta, na pengine katika moto.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze kufanya mambo manne: kueleza kazi ya kidhibiti, kutambua lini badiliko lafaa na lini halifai, kudai kipimo kabla ya malipo kuidhinishwa, na kuandika kumbukumbu zinazostahili.

Somo halihusu magari ya dizeli, wala magari ya petroli yanayotumia kabureta. Linahusu magari ya petroli yenye nozeli zinazoendeshwa kwa umeme, hasa yale ya miaka ya 1980 na 1990 ambayo bado yanafanya kazi mashambani. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kidhibiti ndani ya tangi pamoja na pampu, na hapo hapafikiwi kwa urahisi.

Kisa cha mfano

Na ichukuliwe kuwa kuna chama cha wakulima wa kahawa chenye pikapu ya petroli. Pikapu hupeleka pembejeo kwa wanachama walio juu mlimani na kurudi na kahawa. Siku moja dereva anamwendea Katibu ofisini.

"Ndugu Katibu, gari limekosa nguvu. Likibeba mbolea, pale kwenye mwinuko napanda kwa gia ya kwanza. Fundi amesema atatoboa regyuleta atie bolti, petroli iongezeke. Anataka fedha kidogo tu, kazi ni ya saa mbili."

Katibu anataka kumridhisha dereva, maana msimu umekaribia. Anaandaa hati ya malipo na kumpelekea Mwenyekiti aitie sahihi. Mwenyekiti, mzee ambaye hakusomea magari, anauliza neno moja tu: "Mwanangu, petroli imepungua kiasi gani, hata tutake kuiongeza?"

Katibu hana jibu. Dereva hana. Fundi, alipoulizwa, naye hakuwa nalo. Hati ya malipo ikawekwa kando mpaka jibu lipatikane. Swali hilo la Mzee ndilo kiini cha somo hili.

Kidhibiti ni nini, na hufanya kazi gani

Pampu ya umeme huvuta petroli kutoka tangini na kuisukuma hadi kwenye bomba la kugawia lililo juu ya injini. Katika bomba hilo zimepachikwa nozeli, moja kwa kila silinda. Pampu hutoa petroli nyingi kuliko injini inavyohitaji. Kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regyuleta, hukaa mwishoni mwa bomba hilo na kuachia ziada irudi tangini kwa bomba la kurudishia.

Umbo lake ni kikopo cha chuma chenye vyumba viwili. Kati ya vyumba hivyo kuna kiwambo cha mpira. Chumba cha chini hupitisha petroli. Chumba cha juu kina springi inayokisukuma kiwambo kiufunge mlango wa kurudishia. Presha ya petroli ikizidi nguvu ya springi, kiwambo huinuka na ziada hutoka. Ikipungua, kiwambo hushuka na mlango hufungwa. Kwa hiyo ni springi inayoamua presha iwe kiasi gani.

Katika injini nyingi za Toyota za miaka hiyo, kipimo halali ni kati ya paundi 38 na 44 kwa inchi mraba. Anayejua kujaza upepo ataelewa: gurudumu la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi. Kila gari, hata hivyo, lina kipimo chake kilichoandikwa katika kitabu chake cha matengenezo, na hicho ndicho cha kufuatwa.

Chumba cha juu kina pia mpira mwembamba unaokiunganisha na njia ya kuingizia hewa kwenye injini. Mpira huo si pambo. Injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, njia ya hewa huwa na mvuto mkubwa, nao huisaidia petroli kutoka kwenye nozeli. Mvuto huo huo, kwa kupitia mpira, hukivuta kiwambo juu na kupunguza presha kwa paundi 5 hadi 10. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto hutoweka na presha hupanda tena. Kwa njia hii tofauti kati ya presha ya petroli na ile ya hewa hubaki ile ile wakati wote. Kompyuta ya injini hupima petroli kwa muda tu: hufungua nozeli kwa sehemu chache za elfu za sekunde, ikiamini kuwa tofauti hiyo haibadiliki. Anayeibadilisha presha bila kuijulisha kompyuta ni kama mtu anayebadilisha ukubwa wa kibaba huku karani akiendelea kuhesabu vibaba.

Kwa nini kiwanda hakikutia skrubu

Skrubu iliwahi kuwapo. Mwaka 1967 gari la Volkswagen 1600 lililouzwa Marekani lilikuwa la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mfumo wa Bosch uitwao D-Jetronic. Kidhibiti cha mfumo huo kilikuwa na skrubu na nati ya kukazia, na fundi alikirekebisha huku akitazama geji. Katika miaka ya 1970 ulifuata mfumo wa L-Jetronic, ambao kidhibiti chake kilifungwa kabisa: kiwanda huweka springi kwa kipimo, kisha hukunja ukingo wa kikopo. Tangu hapo hiyo ndiyo desturi ya magari mengi.

Mwanachama ataulinganisha ukingo huo na muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mizani ya chama. Mizani ina sehemu za kurekebishia, lakini hakuna karani anayeruhusiwa kuzigusa kwa sababu tu mkulima amelalamika kuwa kahawa yake imepungua. Kwanza mizani hupimwa kwa mawe halali.

Hesabu ambayo Katibu anaweza kuifanya mwenyewe

Wengi hudhani kuwa presha ikiongezwa kwa asilimia 20, petroli nayo itaongezeka kwa asilimia 20. Sivyo. Petroli inayopita kwenye tundu huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha presha. Kwa gari lenye paundi 40, hesabu ni hivi:

Paundi 44: petroli huongezeka kwa asilimia 5 hivi.
Paundi 48: asilimia 9 na nusu hivi.
Paundi 50: asilimia 12 hivi.
Paundi 58: asilimia 20 hivi.

Basi ili kupata petroli zaidi kwa asilimia 20, presha hupandishwa karibu nusu tena ya ilivyokuwa. Pampu, mipira na vibanio vya gari kuukuu hubebeshwa mzigo huo wote.

Na petroli hiyo ya ziada hufanya nini? Katika gari lenye sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, kompyuta hugundua kuwa petroli imezidi na kufupisha muda wa nozeli. Katika mwendo wa kawaida, basi, bolti haikuongeza chochote. Katika gari lisilo na sensa, au ambalo sensa yake imekufa, petroli ya ziada huingia yote. Nguvu ya injini hutokana na petroli na hewa kwa uwiano wake. Petroli isiyo na hewa ya kuichoma hutoka kuwa moshi mweusi, huchafua plagi, na nyingine huosha oili katika kuta za silinda na kuziacha zikisagana.

Hapa wakulima wa milimani wazingatie jambo moja. Katika kimo cha meta 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 14 hivi. Gari hukosa nguvu huko kwa sababu ya upungufu wa hewa, si wa petroli. Kumwongezea petroli mgonjwa wa hewa hakumponyi.

Wako wanaohitaji kidhibiti cha kurekebishwa kwa haki: waliofunga nozeli za aina nyingine, walioongeza taibo kwenye injini, na waendeshaji wa mashindano. Hao hununua kidhibiti kilichotengenezwa na skrubu yake tangu kiwandani, nao hukirekebisha kwa geji. Gari la kubeba mbolea halimo katika orodha hiyo.

Jinsi kazi ya nyumbani inavyofanywa, na kasoro zake

Yafaa Katibu aijue kazi anayoombwa kuilipia. Hufanywa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukibana kikopo katika jiliwa mpaka kifuniko cha juu kibonyee. Springi hubanwa na presha hupanda. Njia hii haihitaji bolti, lakini hairudi nyuma: chuma kikishabonyea hakinyooki kwa kipimo. Fundi akizidisha kidogo, kidhibiti ni cha kutupwa.

Njia ya pili ndiyo ile ya bolti. Kifuniko hutobolewa katikati, nati huchomelewa juu yake, na bolti hupitishwa ili isukume kisahani kinachokaa juu ya springi. Kasoro zake ni hizi:

1. Katika vidhibiti vingi, katikati ya kifuniko ndipo penye mdomo wa ule mpira wa mvuto. Ukitobolewa hapo, mpira hukosa mahali, na kidhibiti hakiwezi tena kupunguza presha wakati injini inanguruma tu.

2. Nyuzi za bolti hazizibi hewa. Hewa isiyopimwa huingia kwenye injini kupitia hapo, na mngurumo huwa wa kuyumba.

3. Chembe za chuma za keekee huanguka juu ya kiwambo, na joto la kuchomelea huharibu mpira wake.

4. Kikopo kilichokuwa na petroli hubaki na mvuke, na mvuke huo huweza kulipuka mbele ya moto wa kuchomelea.

5. Kasoro kubwa kuliko zote: siku kiwambo kitakapopasuka, kikopo kizima cha kiwanda kingeipeleka petroli ndani ya mpira wa mvuto, na injini ingetoa moshi na kukohoa. Kikopo kilichotobolewa huitoa nje, kando ya bolti, ikiwa na presha, juu ya injini yenye moto. Gari likiungua, Bima itauliza nani alibadilisha mfumo wa mafuta, na kwa idhini ya nani.

Kipimo kwanza

Jibu la swali la Mzee Mwenyekiti hupatikana kwa geji ya presha ya petroli. Chama hakina haja ya kuinunua. Chaweza kumlipa fundi aliye nayo. Katibu asimamie mambo yafuatayo.

Kazi ifanywe mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa, pasipo sigara wala jiko, na kizimamoto cha unga kiwe karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali. Fundi aondoe fyuzi ya pampu na kuiacha injini inguruma mpaka izimike yenyewe, ili presha iishe katika mabomba. Kisha afungue waya wa hasi wa betri, afunge geji, na kurudisha vyote. Halafu vipimo vichukuliwe na kuandikwa:

Kipimo cha kwanza: injini inanguruma, mpira wa mvuto umevuliwa na mdomo wa njia ya hewa umezibwa. Hapa ndipo pa kulinganisha na kitabu cha gari.

Kipimo cha pili: mpira umerudishwa. Presha ishuke. Isiposhuka, mpira umeziba au umepasuka, au kidhibiti ni kibovu.

Kipimo cha tatu, ikiwa presha iko chini: mpira wa kurudishia ubanwe polepole kwa muda mfupi sana. Presha ikipanda vizuri, pampu ni nzima na kidhibiti ndicho kinachovujisha. Isipopanda, kosa liko katika chujio lililoziba au pampu iliyochoka, na hakuna bolti itakayoliponya.

Kipimo cha nne: mpira wa mvuto uchunguzwe ndani. Ukiwa na petroli, kiwambo kimepasuka; kidhibiti kibadilishwe siku hiyo hiyo.

Ikiwa presha iko juu mno, bomba la kurudishia limeziba, au kidhibiti kina kasoro, au mtu amekwisha kukichezea.

Mwisho wa kisa

Katika kisa cha mfano, fundi mwenye geji aliitwa. Kitabu kilitaka paundi 38 hadi 44. Geji ilisoma 52. Gari lililodhaniwa kuwa na njaa ya petroli lilikuwa limevimbiwa. Kidhibiti kilipofunguliwa, kifuniko chake kilionekana kimebonyea, na alama za meno ya jiliwa zilikuwa pande mbili. Mtu fulani, wakati wa dereva aliyetangulia, alikwisha "kuliongezea nguvu". Hakuna aliyeandika neno.

Katibu akarudi kwenye daftari la safari. Hapo zamani gari lilikwenda kilomita 9 kwa lita. Kisha, kuanzia mwezi mmoja wa mwaka uliopita, kilomita 8. Gari hilo halikuwa na sensa ya oksijeni, kwa hiyo kompyuta haikuweza kusahihisha. Kwa mwendo wa kilomita 1,800 kila mwezi, lita 200 zilikuwa zimegeuka kuwa 225. Kwa miezi 14, chama kilikuwa kimelipia lita 350 zilizotoka kwa njia ya ekzosi. Na katika miezi hiyo, dereva mpya alikuwa akinong'onwa kijijini kuwa anauza mafuta ya wanachama.

Kidhibiti kipya cha kiwanda kilifungwa, pamoja na plagi na chujio la hewa, na oili iliyonuka petroli ikamwagwa. Mwendo ukarudi kilomita 9 kwa lita. Mlimani gari halikuwa jepesi kama lilivyo bondeni, lakini lilipanda. Katika mkutano wa Bodi uliofuata, Mwenyekiti alimsimamisha dereva mbele ya wajumbe na kusema kuwa tuhuma ile haikuwa na msingi, na maneno hayo yakaandikwa katika muhtasari.

Wajibu wa Katibu na Bodi

Kwanza, kila ujazo wa mafuta uandikwe pamoja na kilomita, na mwisho wa mwezi Katibu agawe kilomita kwa lita. Tofauti ya kilomita moja kwa lita ni sababu tosha ya kuuliza. Aulizwe fundi pamoja na dereva, wala mtu asihukumiwe kabla gari halijapimwa.

Pili, gari lifunguliwe faili lake. Kila kifaa kilichobadilishwa, tarehe, kilomita na jina la fundi viandikwe humo. Kifaa kilichotolewa kioneshwe kwa Katibu kabla ya kutupwa.

Tatu, badiliko lolote la mfumo wa mafuta, breki au usukani lisifanywe bila azimio la Bodi. Ombi liambatane na kipimo cha geji kilichotiwa sahihi, na Bima ijulishwe. Matengenezo ya kurudisha gari katika hali ya kiwanda ni jambo moja. Kubadilisha gari ni jambo jingine.

Nne, fundi aheshimiwe. Ustadi wake wahitajika, na mwenye kuweza kutoboa kikopo na kuchomelea nati si mtu wa kudharauliwa. Aombwe tu atangulize geji na kuichelewesha keekee.

Maswali ya majadiliano katika vikundi

1. Eleza kwa maneno yako kazi ya springi na kazi ya mpira wa mvuto katika kidhibiti.

2. Gari la chama lina paundi 30 badala ya 40. Mpira wa kurudishia ulipobanwa, presha haikupanda. Je, Bodi iidhinishe kidhibiti kipya? Toa sababu.

3. Gari lilikwenda kilomita 1,440 kwa lita 180 mwezi huu, na kilomita 1,620 kwa lita 180 mwezi uliopita. Tafuta kilomita kwa lita za kila mwezi. Katibu achukue hatua gani ya kwanza?

4. Katika kisa cha mfano, ni kumbukumbu ipi ambayo, lau ingeandikwa, ingeliokoa fedha za wanachama na heshima ya dereva?